Nililala na 5.6, Nikaamka na 6.9

Kwa wiki tatu nilijichoma kidole mara mbili kwa siku: usiku kabla ya kulala, na asubuhi kabla hata ya funda la maji. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda. Haikuwa kisukari bado, ila ile hali ambayo daktari huitaja kwa sauti ya chini huku akiandika. Nikapata kipima sukari na daftari. Usiku wa kumi na moja niliandika 5.6. Asubuhi kipimo kikasoma 6.9. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaikausha, nikachoma kidole kingine: 6.8. Kati ya usiku ule na asubuhi ile sikula, sikunywa, sikufanya lolote isipokuwa kulala. Sukari ya ziada ilitoka wapi?

Nilipolipeleka daftari kliniki, mhudumu aliyenipokea alipitisha kidole kwenye safu ya asubuhi, akasita, akaniinulia macho. "Mama, huwa unaamka usiku ukala?" Nikamwambia siamki. "Hata kitu kidogo tu?" Hata kidogo. Hakubisha, lakini niliona hakuniamini, na nikarudi na fedheha ya mtu aliyesingiziwa kuiba mali yake mwenyewe. Usiku uliofuata nikatega saa iniamshe. Saa tisa usiku: 5.5. Saa kumi na moja alfajiri: 6.2. Saa moja asubuhi: 6.9. Mwizi alikuwapo kweli, ila hakuingia kwa mlango wa kinywa. Alitokea ndani.

Ni ini. Na tangu nilipolijua hilo, namna yangu ya kufikiria sukari, mafuta na uzito wa mwili imepinduka.

Nilikuwa nadhani sukari ya damu ni kile ulichokula, basi. Unakula, inaingia, unahangaika, inaisha. Lakini piga hesabu kidogo. Mtu mzima mwenye lita tano za damu na sukari ya 5.5, yaani milimoli 5.5 za glukosi katika kila lita, ana kama gramu 5 tu za glukosi katika damu yake yote. Kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 kwa siku, sawa na gramu 5 kila saa. Kama damu ingetegemea chakula pekee, ubongo ungekikomba kijiko hicho kwa saa moja, na mtu angezimia kabla ya usiku wa manane. Hatuzimii kwa sababu kuna anayejaza kijiko tone kwa tone usiku kucha. Ini huhifadhi glukosi iliyofungwa pamoja kama glaikojeni, kiasi cha gramu 100, na hiyo inapopungua hutengeneza glukosi mpya kutokana na mabaki ya protini, gliseroli ya mafuta na asidi ya laktiki inayotoka kwenye misuli. Misuli nayo ina glaikojeni mara nne ya ile ya ini, lakini ni jirani mchoyo: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu. Ikishaingia humo, imeingia.

Kwa hiyo swali si umekula nini tu. Ni nani ameliambia ini lifungue ghala, na nani ameliambia lifunge.

Wa kwanza ni homoni iitwayo glukagoni, wa pili ni homoni ya insulini, na wote wawili hukaa nyumba moja: kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Mwaka 1869 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, aliona ndani ya kongosho vikundi vidogo vya seli vilivyotengana na nyama inayovizunguka, kama visiwa. Hakujua kazi yake. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akawa anakojoa bila kukoma, na mkojo ulipopimwa ukakutwa umejaa sukari. Visiwa vile havifiki hata asilimia 2 au 3 ya uzito wa kongosho. Jina insulini lenyewe limetokana na neno la Kilatini la kisiwa.

Mwaka 1921 mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J. J. R. Macleod, walianza kuikamua dawa hiyo kutoka kwenye kongosho za mbwa, na James Collip akaja kuisafisha. Januari 1922 ikadungwa kwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki mifupa. Sindano ya kwanza haikufua dafu. Ya pili, iliyosafishwa na Collip, ikaishusha sukari yake. Kabla ya hapo tiba iliyokuwapo ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula ili achelewe kufa.

Nitarudi kwa Thompson na mifupa yake, maana pale ndipo mafuta yanapoingia. Kwanza niseme jambo lililonishtua kuliko yote.

Hesabu homoni zinazoshusha sukari ya damu. Zipo zinazosaidia kwa pembeni, lakini kwa kazi hiyo hasa ni moja: insulini. Sasa hesabu zinazoipandisha: glukagoni, adrenalini, kotisoli, homoni ya ukuaji. Nne dhidi ya moja. Nilipoliona hilo nilidhani ni kasoro. Kumbe linaeleweka vizuri sana. Sukari ikishuka mno, ubongo huchanganyikiwa ndani ya dakika chache, na mtu anaweza kufa siku hiyohiyo. Sukari ikipanda, mara nyingi huchukua miaka kuharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Mwili umejengwa kukabili hatari ya kwanza kwa zamu nne za walinzi, na ile ya pili kwa mlinzi mmoja, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu aliyetuua alikuwa njaa. Waliosema adui mwombee njaa walijua silaha kali ni ipi.

Alfajiri, basi, ndivyo inavyokuwa. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi usiku, na kuelekea macheo kotisoli hupanda ili mwili uwe tayari kuamka. Zote mbili huliambia ini litoe glukosi. Kwa mtu asiye na tatizo, kongosho huongeza insulini kidogo, ini linatulia, na hakuna anayejua kuwa kulikuwa na mvutano. Kwangu mimi insulini inasema, ini halisikii. Madaktari huita hali hiyo usugu wa insulini. Neno lenyewe linanikera kidogo, kwa sababu linaifanya insulini ionekane ndiyo sugu, ilhali aliye sugu ni msikilizaji. Kongosho hujibu kwa kupaza sauti: hutoa insulini mara mbili, mara tatu. Miaka inapita hivyo, vipimo vya sukari vikiwa safi na kongosho ikizidi kuchoka, mpaka siku inaposhindwa na namba zinaanza kupanda. Ndiyo maana kisukari cha aina ya pili, siku kinapogunduliwa, huwa kimeshakaa mwilini muda mrefu. Asubuhi bila kula, 7.0 na kuendelea katika vipimo viwili huhesabiwa kuwa kisukari. Mimi na 6.9 yangu nilikuwa nimesimama kizingitini.

Sasa mafuta. Watu wanapoizungumzia insulini huishia kwenye sukari, na mimi naona hilo ni nusu ya habari. Seli ya mafuta ina mlango wa kuingizia na mlango wa kutolea, na insulini huusimamia hasa ule wa kutolea. Kiasi kidogo tu cha insulini, kidogo kuliko kile kinachohitajika kuingiza glukosi kwenye misuli, kinatosha kuzuia mafuta yasitoke. Insulini inaposhuka, usiku au katikati ya milo, vimeng'enya huanza kuvunja mafuta kuwa asidi za mafuta na gliseroli, damu huzibeba, na moyo na misuli huzichoma. Ini hugeuza sehemu ya hizo kuwa ketoni, ambazo hata ubongo unaweza kuzitumia mfungo ukirefuka. Ni akiba ya ajabu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4. Mtu wa wastani asiye mnene amebeba mwilini nishati ya kumtosha wiki nyingi.

Mrudie Leonard Thompson. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza insulini, na mlango wa mafuta hubaki wazi, hakuna wa kuufunga. Mafuta humiminika, ketoni hujazana mpaka damu inakuwa na asidi, misuli nayo huvunjwa ili ini litengeneze sukari zaidi ya ile iliyojaa tayari. Mgonjwa hula na kukonda. Aretaeus, tabibu wa Kigiriki wa zama za kale, aliueleza ugonjwa huo kuwa ni nyama za mwili kuyeyuka na kutoka kwa mkojo. Hakuwa mbali na ukweli.

Kutokana na hayo, wapo wanaohitimisha kwamba insulini ndiyo inayonenepesha, kwa hiyo ukikwepa wanga umemaliza kazi. Nimewahi kuliamini hilo kwa bidii ya mwongofu mpya. Ni kweli mgonjwa anayeanza kudungwa insulini mara nyingi huongezeka uzito. Ni kweli pia kwamba kupunguza wanga hushusha insulini na kuufungua mlango wa mafuta. Lakini mafuta yanayotoka kwenye seli na yasipochomwa hurudi yalikotoka, na mafuta unayokula huhifadhiwa vizuri tu hata insulini ikiwa chini. Kinachoamua mwisho wa mwezi ni jumla ya kilichoingia na kilichotumika. Insulini hupanga nani atoke ghalani na saa ngapi. Zile kilo mbili nilizopoteza wiki ya kwanza nilipoacha wanga, nikazitangazia kila aliyetaka na asiyetaka kusikia, kwa sehemu kubwa zilikuwa maji: kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji, na ghala likiisha maji huondoka nalo.

Swali gumu zaidi ni hili: nani anapanga kinachoingia? Nani anakufanya uhisi umeshiba, au ufungue kabati saa nne usiku bila kujua ulikuwa unatafuta nini?

Katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine, Marekani, kulikuwa na aina mbili za panya wanene kupindukia. Douglas Coleman aliwaunganisha panya wawiliwawili ili wachangie damu. Alipomuunganisha panya mnene wa aina ya kwanza na panya wa kawaida, yule mnene akapunguza kula na kukonda. Alipomuunganisha wa aina ya pili na wa kawaida, mnene akabaki vilevile, na yule wa kawaida akasusa chakula mpaka akafa kwa njaa. Coleman akakata shauri: kuna kitu katika damu kinachosema "tosha". Panya wa kwanza hana kitu hicho; wa pili anacho tele ila haelewi lugha yake. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller wakaipata jeni yake. Homoni hiyo wakaiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba, na inatoka kwenye mafuta yenyewe. Kitambi, kumbe, ni tezi. Kadiri mafuta yanavyozidi ndivyo leptini inavyozidi, na sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huisoma kama mtu anavyosoma geji ya tangi.

Kukawa na shangwe. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Cambridge wakaeleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja wa miaka 8 mwenye kilo 86, mwingine wa miaka 2 mwenye kilo 29, ambao miili yao haikuwa na leptini kabisa. Mtoto wa kwanza kutibiwa alipodungwa leptini, ile njaa isiyoshibika ikatulia na uzito ukashuka. Ungedhani unene umepata mwarobaini. Lakini wanene wengi hawana upungufu wa leptini. Wanayo nyingi kupita kiasi, na kuwaongezea hakuleti tofauti kubwa. Ni kisa kilekile cha ini langu: sauti ipo, masikio yamezoea.

Hapa ndipo ile hesabu ya nne dhidi ya moja iliponirudia. Leptini ikipanda, ubongo huitikia kwa uvivu. Ikishuka, ubongo unapiga king'ora. Njaa inaongezeka, homoni za thairoidi, tezi ya shingoni, hupungua ili mwili uchome kidogo, mzunguko wa hedhi unaweza kukatika kwa sababu huu si wakati wa kubeba mimba. Leptini inafanya kazi zaidi kama kengele ya ukame kuliko kama breki ya ulafi. Wahenga waliziweka zote mbili kwenye mizani moja, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mwili haujawahi kukubaliana nao. Malevya ya shibe huyavumilia kwa miaka. Malegezo ya njaa hayavumilii hata kwa wiki.

Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walichapisha utafiti ambao natamani ningeusoma mapema. Waliwapa watu 50 wenye uzito uliozidi mlo wa nishati ndogo sana kwa wiki 10. Watu wakapungua sana. Leptini ikaporomoka, greilini, homoni ya tumboni inayoleta njaa kabla ya mlo, ikapanda, homoni za utumbo zinazoleta shibe zikapungua. Hilo lilitarajiwa. Kilichouma ni kipimo cha mwaka mmoja baadaye: homoni zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, njaa ilikuwa bado juu kuliko walivyoanza, na kilo zilikuwa zinarejea. Mwaka mzima mwili ulikuwa bado unaomboleza mafuta yaliyopotea.

Nami niliwahi kupunguza kilo 9, na zote zikarudi ndani ya miezi kumi na minne, na moja ya nyongeza. Kwa miaka nilijiambia sina nia. Huenda ni kweli sina. Lakini nia yangu ilikuwa ikishindana na kitu kisicholala.

Homoni za utumbo ndizo zilizobadilisha mchezo, na chanzo chake ni kioja. Ilijulikana zamani kuwa glukosi ukiinywa huamsha insulini nyingi zaidi kuliko ukidungwa glukosi kwenye mshipa hadi sukari ya damu ikafika kiwango kilekile. Maana yake, utumbo hutuma ujumbe kwa kongosho kabla sukari haijafika. Mmoja wa wajumbe hao ni GLP-1. Huongeza insulini pale tu sukari inapokuwa juu, huzuia glukagoni, hulichelewesha tumbo lisimwage chakula haraka, na huuambia ubongo tosha. Kama dawa ingefaa mno, isipokuwa damu huivunja ndani ya dakika mbili hivi. Kisha daktari John Eng wa Marekani, akichunguza sumu ya mjusi mmoja wa jangwani ajulikanaye kama Gila, akakuta humo homoni inayofanana na GLP-1 lakini isiyovunjika haraka. Aliichapisha mwaka 1992. Dawa iliyotokana nayo ikaruhusiwa Marekani mwaka 2005. Zilizoifuata, kama semaglutide, hudumu mwilini kiasi kwamba sindano moja hutosha wiki. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, waliotumia semaglutide walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Walioacha walirudishiwa theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. King'ora kilekile. Husikii watu wakimlaumu mgonjwa wa presha kwa kupanda presha baada ya kuacha vidonge, lakini anayeacha sindano hizi akanenepa huambiwa ni mlafi. Sioni tofauti.

Zilizobaki nazigusia tu. Thairoidi husingiziwa sana; ikipungua huongeza uzito, ila kwa kawaida kilo chache, na nyingi za hizo ni maji na chumvi. Kotisoli haisingiziwi: dawa za jamii yake, kama prednisolone, zinaweza kuipandisha sukari ya mtu ambaye hajawahi kuwa na tatizo, na kuhamishia mafuta tumboni na usoni. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka wakati wa kukoma hedhi, mafuta huhama kutoka mapajani na nyonga kwenda kiunoni, na mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayolisumbua ini zaidi. Hilo sikuhitaji kulisoma popote. Nililiona kwenye sketi zangu.

Kuna mlango mmoja ambao haumsubiri mlinzi yeyote, na ndio ninaoutumia siku hizi. Insulini inapogonga kwenye msuli, vibebea glukosi vilivyojificha ndani ya seli hupanda juu na kuiingiza. Lakini msuli unapokunjuka na kukunjana wenyewe, vibebea hivyohivyo hupanda hata bila insulini kusema neno. Msuli unaofanya kazi haujali kama masikio yangu ni sugu. Kwa hiyo baada ya mlo wa jioni natembea, nusu saa, bila mbwembwe, nikirudi nakuta kipimo kimeshuka kuliko nilivyokuwa nikikaa. Kisha glaikojeni ya misuli inapokuwa imepungua, misuli hubaki na kiu ya sukari kwa saa nyingi, hata usiku.

Nilirudi kliniki na safu mpya: usiku, saa tisa, alfajiri, asubuhi. Mhudumu ni yuleyule. Alizisoma zote nne kwa kila siku, polepole, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Kumbe saa tisa iko sawa," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. Halafu akaniuliza nimeipataje akili ya kuamka saa hiyo. Nikamwambia nilikuwa namvizia mwizi. Leo asubuhi kipimo kimesoma 6.2.